Kwa Shemeji Masalu, Kuhusu Jina la Mwalo

Mpendwa Shemeji,

Wameniomba nizungumze. Ukumbini hapa Mwanza wamekaa wakutubi, wahariri wa majarida, watafiti wa ziwa na wa mashamba, vijana wanaojifunza kuhifadhi data, na katika safu ya nyuma wamekaa wanawake kadhaa uliowafahamu kwa majina. Mada niliyopewa ni ndefu na ina heshima zake: namna ya kupatanisha mtazamo wa mahali na mtazamo wa dunia katika sayansi huria na mawasiliano ya kitaaluma. Nilijaribu kuiandikia hotuba. Kila sentensi niliyoiandika niliisikia ukiisoma kwa ile sauti yako ya kejeli, nikaifuta. Mwishowe nimeona niache kushindana nawe. Nakuandikia wewe, na wao nimewaomba wasikilize.

Wengi wao hawakukufahamu, kwa hiyo uniwie radhi nikueleze kana kwamba hujijui. Ulikuwa mume wa dada yangu Leokadia. Ulikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Msukuma uliyeoa kwa Wahaya na hukuchoka kutukumbusha kwamba ulitufanyia hisani. Shemeji ni mtani, na utani huo uliutumia mpaka ukapita kipimo. Nilipofaulu shahada yangu ya uzamivu uliwaambia wageni kwamba sasa familia ina mtu anayeweza kukosea kwa Kiingereza. Nilipokuja kwenu Buswelu siku za Jumapili baada ya misa, uliniuliza kama nimeleta ndizi au nimeleta Kiingereza peke yake.

Jumapili moja nilisahau makala yangu mezani kwenu. Uliishika kwa ncha za vidole, miwani ikiwa bado juu ya paji la uso, ukaigeuza mbele na nyuma.

“Hii ni ya nani?”

“Ni yangu, shemeji.”

“Najua umeiandika wewe. Nauliza imeandikiwa nani.”

Nilikujibu kwa fahari kwamba jarida lile ni huria, kwamba mtu yeyote popote duniani anaweza kuifungua makala bila kulipa hata senti. Ukacheka. “Kuifungua naweza,” ukasema. “Hata mlango wa benki naweza kuufungua, nikaingia, nikasalimia, nikatoka.” Kisha ukavuta kiti, ukaniambia nikusomee aya ya kwanza polepole, na dada akalazimika kupasha chakula mara ya pili.

Ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyetuajiri kwa kazi ile. Kila makala iliyotoka katika kituo chetu cha utafiti kuhusu samaki wa ziwa hili ulitaka iwe na ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiswahili, tena Kiswahili ambacho mtu aliyeshika ndoo ya dagaa angekisikiliza bila kuiweka chini. Tuligombana sana. Wewe ulichukia maneno ya kusitasita, na mimi maisha yangu yote ya kazi yamejengwa juu yake.

“Huenda, huenda, huenda!” ulinguruma siku moja. “Mke wangu akikuuliza kama wali umeiva, utamjibu huenda?”

“Kama sijaonja, ndiyo.”

“Basi nenda ukaonje ndipo uandike.”

“Shemeji, nimeonja sufuria moja. Nyumba hii ina sufuria nyingi.”

Ulifikiri, ukaliacha neno langu mahali pake. Sikumbuki siku nyingine uliponikubalia upesi namna ile. Tangu hapo ulililinda neno “huenda” kuliko mimi mwenyewe, na wapitiaji wa ng'ambo walipotaka niseme kwa uhakika zaidi, wewe ndiye uliyekataa.

Halafu ukaja na jambo lako la mwezi. Ulisema ikisiri iliyoandikwa bado ni ya watu wa kusoma, na kwamba ni lazima tuipeleke mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga na wanawake wanapowapokea dagaa, tuisome kwa sauti kabla haijatumwa jaridani. Nikakuuliza ni nani mwaloni mwenye muda wa kusikiliza makala. Ukanikumbusha lile ambalo kila mtoto wa huku anajua: dagaa wanavuliwa wakati wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, vichanja vya kuanikia na mchanga vinabaki vitupu, na watu wanashona nyavu na kusukana nywele. “Huo ndio wakati wao wa kusoma,” ukasema. Kwa hiyo ratiba yetu ya uchapishaji ikafuata mwezi. Yule profesa wetu wa ng'ambo, tuliyeshirikiana naye katika vipimo, aliniandikia kwa adabu nyingi akiomba maelezo: kwa nini makala iliyokamilika inangoja mwezi uwe mpevu? Nilimweleza. Akajibu kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukutana na sababu hiyo, lakini haoni kasoro ndani yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Shemeji, maana ndilo lililonileta mbele ya watu hawa.

Tulikuwa tumepima dagaa wa mialo kadhaa ya pwani yetu. Swali letu lilikuwa jepesi: dagaa anayeanikwa mchangani, wanakopita kuku, mbuzi na miguu ya watu, anafika sokoni akiwa na nini? Na yule anayeanikwa juu ya kichanja cha miti na nyavu? Majibu yalikuwa wazi kuliko tulivyotarajia. Katika mwalo mmoja, ambako karibu wote walianika mchangani, tulikuta vijidudu vya kinyesi kwa kiwango kisichofaa kwa chakula cha mtu. Kwa desturi ya taaluma yetu tuliyaficha majina ya mialo ili kuwalinda watu wake. Tukaiita kwa herufi.

Mbalamwezi ilipofika tukaenda kusoma kwenye mwalo uleule. Ulisimama kando ya mtumbwi uliopinduliwa, umevaa lile koti lako la kaunda, ukasoma kama unavyosoma siku ya mahafali. Walikutegea masikio. Ulipofika kwenye Mwalo C, penye dagaa wa mchangani na vijidudu vyao, minong'ono ikaanza.

“Mama yangu! Na wanawauzia watu?”

“Hao ni wa upande wa kule, nawafahamu. Hawana aibu hata kidogo.”

Mzee Magesa, mvuvi mkubwa wa pale, akanyoosha mkono. “Mwalimu, hao serikali iwafungie. Wanatuharibia jina sisi tunaofanya kazi kwa usafi.”

Ukaishusha karatasi. Nilikuona ukinitazama, nami nikatazama maji.

“Jamani,” ukasema, “Mwalo C ni hapa.”

“Hapa wapi?” akauliza Kabula, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza biashara yake.

“Hapo ulipokaa.”

Tukasikia maji yakigonga mtumbwi. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, “Mzee Magesa, serikali itufungie lini?” na kicheko kikapasuka pwani nzima, hata Mzee Magesa mwenyewe akafunika uso kwa kofia. Lakini Mama Nyanjige, kiongozi wa wanawake wale, hakucheka.

“Kwa hiyo mmetubatiza,” alisema. “C. Hata kanisani mtu mzima anaulizwa anataka kuitwa nani.”

Nilieleza kwamba tumefanya hivyo kwa ajili yao, mnunuzi asije akawakimbia. Mama Nyanjige akasema mnunuzi akisikia kwamba mwalo mmoja wa Mwanza una dagaa wachafu na hajui ni upi, ataikimbia yote, na lawama ya pale itawaangukia watu wa mialo mingine wasiohusika. Kabula akapinga palepale. Alisema jina lifichwe, tena lifichwe milele, maana yeye hana mume wala shamba, ana dagaa tu. Mwingine akasema vipimo vyetu vina walakini, kwa kuwa jua la huku linaua kila kitu. Hapo nilisimama imara, na wewe ukanitafsiria vizuri: jua halikuua, na mtoto anayekula dagaa yule anaweza kuugua. Sikutaka jambo hilo lipigiwe kura, na wewe pia hukutaka.

Wanawake wakaomba makala yote ingoje. Walitaka kujenga vichanja kwanza, wapimwe tena, ndipo mambo yao yaende duniani yakiwa na sura mbili. Lilikuwa ombi la haki. Nikampigia profesa simu palepale, nikaiweka sauti nje ili wote wasikie, nawe ukawa katikati ukitafsiri huku na huku.

Profesa hakuwa mtu mbaya, Shemeji, ulisema hivyo mwenyewe tukiwa njiani kurudi. Hakuzungumza habari za jarida wala za sifa. Aliuliza swali moja tu: katika mialo mingine ya ziwa hili, upande wa Uganda na wa Kenya, na katika maziwa mengine ambako hajafika mpimaji yeyote, wanawake wanaanika mchangani leo hii, na watoto wao wanakula leo hii, je, hao nao wangoje vichanja vya hapa viishe?

Ulipolitafsiri swali lile hukuongeza wala kupunguza. Niliona likiwaingia.

“Hao wa huko wana watoto?” Mama Nyanjige akauliza, kana kwamba anataka kuhakikisha.

“Wanao.”

“Basi habari ya mchanga iende. Jina letu libaki hapa mpaka tulilete wenyewe.”

Profesa akakubali. Ila akauliza tena, kwa upole: na vipimo vya pili vikitoka vibaya, jina bado litakuja? Maana jina linalokuja na habari njema peke yake litakuwa tangazo la biashara, na msomaji wa mbali hataweza kuamini hata ile habari njema.

Ukatafsiri. Wakatazamana. Mama Nyanjige akasema, “Litakuja.” Na Kabula, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, akasema, “Mimi sijasema hivyo.”

Ungeweza kuliacha neno la Kabula lipite na upepo. Mkutano ulikuwa umekwisha, watu walikuwa wanakung'uta mchanga wakiinuka, na profesa alikuwa anashukuru. Uliinua kiganja, ukamwomba angoje, ukamtafsiria: yupo mmoja ambaye hakuahidi. Nilikukasirikia kidogo siku ile, nikidhani umetuharibia mapatano. Kwenye gari ukaniambia, “Shemeji, wewe unaandika ‘huenda’ kwa ajili ya dagaa. Mimi nimeiandika kwa ajili ya mtu.”

Makala ikatoka. Mchanga ukaenda duniani, jina likabaki pwani. Wanawake wakajenga vichanja, wewe ukipita kila mbalamwezi kuwasalimia na kuwakosoa miteremko ya vichanja ambayo hukuwa na ujuzi nayo wowote. Kisha ukaanza kuchoka. Mara ya mwisho tulipokaa pamoja barazani kwenu Buswelu ulikuwa umejifunika blanketi mchana wa jua kali, na uliniuliza kama vipimo vya pili vimetoka. Nikakwambia bado. Ukasema, “Vikitoka, usiwasomee kama unasoma hukumu. Soma kama mtu mwenye njaa anayesoma bei.” Sikuielewa kauli ile, na sikukuuliza maana, kwa sababu dada aliingia na dawa. Tulikuzika mvua ikinyesha. Mama Nyanjige na wenzake walikuja na lori la kubebea dagaa, wamevaa khanga za sare, wakaimba mpaka sauti zikawakauka.

Vipimo vya pili vilitoka baada ya arobaini yako.

Kiangazi, dagaa wa kichanja walikuwa safi kuliko tulivyothubutu kutumaini. Lakini wakati wa masika, mvua ilipokataa kukatika, wanawake walikuwa wamewaondoa dagaa nusu wakavu vichanjani na kuwarundika ghalani chini ya maturubai. Humo vijidudu vilirudi. Havikufikia vile vya mchangani, ila vilitosha. Nilikaa na karatasi zile ofisini, nikaona wazi kitakachotokea. Ahadi ilikuwa imetolewa juu ya matokeo ambayo hakuna aliyeyajua, na sasa matokeo yalikuwa yamekuja kudai jina. Mnunuzi mkubwa wa mwalo ule hupeleka dagaa mbali, nje ya nchi. Akisoma sentensi ya kiangazi atafurahi. Akisoma ya masika anaweza kugeuza magari yake, na dagaa wa wanawake wale wakaishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku kule Nyakato.

Kituoni nilipewa ushauri mwingi, wote wenye nia njema. Mmoja alisema masika iachwe kwa makala nyingine, siku nyingine. Mwingine alisema hakuna haja ya kwenda kusoma mwaloni tena: tafsiri ya mashine sasa ni nzuri, tuwatumie Kiswahili chake kwenye simu zao, wasome, na data zote zifunguliwe siku hiyohiyo pamoja na ramani. Nilikiangalia Kiswahili kile cha mashine, Shemeji. Hakikuwa kibaya. Kiliandika kila kitu tulichokisema. Ila kisingeweza kusimama pale na kuulizwa.

Mbalamwezi ilipofika nikaenda peke yangu. Nilisimama penye ule mtumbwi, ambao sasa umeoza upande mmoja, nikasoma. Sauti yangu haifiki mbali kama yako. Mzee Magesa aliniambia mara mbili, “Daktari, paza, hatuko hospitali.” Nilipofika kwenye masika nilisoma bila kuharakisha, nikamaliza, nikakunja karatasi. Hapo ndipo nilipoielewa kauli yako ya bei. Hukumu mtu anaisoma akiwa mbali nayo. Bei anaisoma akijua kwamba na yeye atanunua.

Nilimwona Mama Nyanjige amezeeka. Akasema neno ambalo sikulitazamia kutoka kwake.

“Daktari, Mwalimu ameshaondoka. Ile ahadi tulimpa yeye.”

Baadhi wakaitikia. Mmoja akasema vichanja vyenyewe bado ni vipya, watu wapewe nafasi. Hakuna niliyeweza kumlaumu. Nilikuwa na jibu langu la kitaalamu, na nilijua kwamba nikilitoa litashinda mjadala na kuwapoteza watu. Sikulitoa.

Ndipo Kabula aliposimama. Huyu ndiye aliyejenga kichanja cha kwanza pale, na ndiye ambaye siku hizi dagaa wake wanasubiriwa kabla hata hawajakauka. Ana mengi zaidi ya kupoteza kuliko siku ile.

“Mama,” alisema, “shikamoo kwanza.”

“Marahaba.”

“Siku ile wewe ulisema litakuja. Mimi nilikataa. Na Mwalimu akanitafsiria kukataa kwangu, mpaka huko kwa profesa wakajua kuna mtu amekataa. Hajawahi mtu kunifanyia hivyo. Leo nakubali. Sasa nauliza, nitafsiriwe na nani?”

Mama Nyanjige akamtazama. “Unakubali masika nayo iandikwe?”

“Iandikwe. Na iandikwe kwamba ghala halina hewa, na kwamba tunalijua, na kwamba tunataka kulibomoa ukuta mmoja. Hayo yasiandikwe na Daktari. Tuyaandike sisi.”

“Wewe mtoto una kiburi,” akasema Mama Nyanjige.

“Nimekiokota hapahapa mwaloni.”

Wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo hoja zangu zisingeifanya. Hawakukubaliana wote. Wawili waliondoka kabla ya mwisho, na mmoja wao aliniomba dagaa wake wasihesabiwe katika data zetu. Tuliwaondoa, na tumeandika wazi katika makala kwamba kuna sampuli zimeondolewa kwa matakwa ya mwenyewe. Profesa alipoipokea taarifa hiyo alisema inapunguza nguvu ya takwimu kidogo. Kisha akasema iachwe hivyo.

Jina la mwalo ni Ihembela. Nalitaja mbele ya watu hawa kwa sababu nimeruhusiwa. Limo ndani ya makala, limo kwenye hifadhidata pamoja na mahali pake katika ramani, na juu ya ikisiri ya Kiingereza pana aya ya Kiswahili iliyoandikwa na wanawake wenyewe, inayoeleza kichanja, mvua na ukuta wa ghala. Mhariri wa jarida aliuliza kama aya hiyo iwekwe mwishoni, kama kiambatisho. Nilimjibu kwamba ni matokeo.

Nisiwadanganye wenzangu kwamba haikuwa na gharama. Juma lililofuata mnunuzi alimpigia Mama Nyanjige. Nilikuwapo, nimekwenda kuchukua sampuli. Akaiweka simu sauti ya nje, kama alivyojifunza kwetu.

“Mama, nimesoma habari zenu. Hizo za mvua zimenitisha.”

“Umezisoma kwa sababu tumeziandika, baba. Huko kwingine unakonunua wameandika nini?”

Mtu yule akasema atafikiri. Magari yake hayajarudi mpaka leo ninapoandika, na sijui kama yatarudi. Amekuja mwingine mdogo, anachukua wa kiangazi tu, kwa makubaliano hayo. Kabula anasema inatosha kwa sasa. Mama Nyanjige hasemi kitu, ila ukuta wa ghala umebomolewa.

Kwa hiyo nikiulizwa, Shemeji, juu ya mahali na dunia, nitasema machache, kwa kuwa wewe ulinifundisha kukata. Nimemsikia profesa wa mbali akiwatetea watoto asiowajua dhidi ya aibu ya watu ninaowapenda, na alikuwa na haki. Nimewasikia wanawake wa pwani wakidai jina lao lisitamkwe na wengine kabla hawajalitamka wao, nao walikuwa na haki. Ukweli kuhusu mchanga haukuwa mali ya Ihembela, wala haukuwa mali yetu. Ulipaswa kwenda siku ileile. Jina lilikuwa lao. Sisi tunaofungua makala na data kwa dunia nzima tunafanya jambo jema. Ninachowaomba wenzangu ni kitu kidogo kinachochosha: kwamba kabla ya kufungua, mtu mmoja aende akasimame mbele ya wale aliowapima, asome kwa lugha yao, na akae mpaka wamalize kuuliza. Na atakayekataa, kukataa kwake kutafsiriwe. Nitaliomba hilo liandikwe katika kanuni za kituo chetu, na nitaomba pia tupate mtu mwenye sauti kuliko yangu. Kama hawatakubali, nitaendelea kwenda.

Sina uhakika kwamba njia hii itaweza kubeba kazi kubwa, zenye mialo mingi na nchi nyingi. Huenda isiweze. Nimeijaribu kwenye sufuria moja.

Jambo la mwisho. Barua hii ni ya wazi, itachapishwa, na jina lako limo ndani yake, na nyumba yenu, na blanketi lako. Kwa hiyo juzi nilipanda kwenda Buswelu nikamsomea dada Leokadia yote, tangu mwanzo mpaka hapa, kwa sauti, na nikakaa. Alilia mahali pamoja, akacheka mahali pawili. Kisha akaniomba niondoe aya moja, iliyosimulia usiku wenu wa mwisho pamoja kama alivyonisimulia yeye. “Hiyo ni yangu,” alisema. Nimeiondoa. Mengine yote, alisema, yaende.

Ulale salama, Mwalimu.

Ni mimi shemeji yako, anayeendelea kusoma